Nyumba Tupu na Haki za Watu

 

Limetufikia katika darsa, si mara moja wala mbili, swali ambalo matawi yake ni mengi lakini shina lake ni moja. Mtu alikuwa akipata riziki yake kwa kukodisha nyumba kwa usiku mmoja au kwa siku chache, hapa Ruiru au kule Thika. Yakaja maradhi ya Korona, njia zikafungwa, wageni wakakatika, na nyumba zikabaki tupu hali kodi yaendelea kuhesabiwa. Mmoja auliza: je, yanilazimu kumlipa mwenye nyumba kodi ya miezi ambayo sikupata mgeni hata mmoja? Wa pili auliza: mgeni aliyekwisha kulipa kisha asiweze kuja, je, fedha zake ni halali yangu? Na wa tatu, ambaye yeye ndiye mwenye nyumba, auliza: je, mimi ni dhalimu nikidai haki yangu?

Msomaji asidhani ya kuwa maneno haya yamepitwa na wakati. Amri za kufungwa njia ziliondoka, lakini madeni hayakuondoka pamoja nazo. Wapo mpaka leo jamaa wasiosalimiana kwa ajili ya kodi ya miezi mitatu, na wapo waliokufa na deni hilo juu ya shingo zao, warithi wasijue walipe au wasilipe. Tena biashara yenyewe yaendelea, na mwenye akili hujiweka tayari kwa msiba wa pili kwa elimu aliyoipata katika msiba wa kwanza.

Kwanza na tukumbushane mambo yalivyokuwa, kwani hukumu ya jambo hufuata sura yake. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa maradhi hayo katika nchi. Baada ya siku mbili ikaamrishwa skuli na vyuo vifungwe. Tarehe 25 Machi ndege za abiria za kutoka nchi za nje zikasimamishwa, na tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Khalafu jioni ya tarehe 6 Aprili ikafungwa Nairobi pamoja na miji inayoizunguka, na mpaka wake kwa upande wetu ukawekwa katika daraja la mto Chania, hapo Thika. Ila kwa ruhusa au kwa kuchukua mizigo, aliyekuwa Thika hakuweza kuvuka kwenda Kenol, wala aliyekuwa Murang'a hakuweza kuvuka kuja Ruiru. Mlango huo haukufunguliwa mpaka tarehe 7 Julai. Mwaka wa pili, tangu 26 Machi mpaka 1 Mei 2021, kaunti ya Kiambu ikafungiwa tena pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru. Na amri ya kutotoka usiku haikuondolewa kabisa ila tarehe 20 Oktoba 2021.

Sasa tazama ni nani waliokuwa wakilala katika nyumba hizi. Ruiru ilikutwa na watu 490,120 katika hesabu ya mwaka 2019, na Thika watu 251,407. Na tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, majumba ya ghorofa yameota kando yake kama uyoga. Mgeni wa nyumba hizo alikuwa ni mzazi aliyekuja katika mahafali ya mwanawe kwenye chuo cha Juja au cha Thika. Au mfanyabiashara atokaye Nyeri na Meru. Au ndugu arejeaye kutoka Ulaya au Ghuba. Au msafiri atakaye kulala Ruiru ili asubuhi ashike barabara ya pembeni kwenda uwanja wa ndege. Basi kila amri miongoni mwa zile ilikata tawi moja la mti huu. Vyuo vilipofungwa alikatika mzazi, ndege ziliposimama alikatika mtu wa ng'ambo, na daraja la Chania lilipofungwa alikatika mfanyabiashara. Wala haikuwa kosa la mkodishaji, wala la mgeni, wala la mwenye nyumba.

Na tupige mfano kwa hesabu, ili tusizungumze hewani. Tuseme mtu alikodi nyumba ya chumba kimoja na sebule kwa shilingi 18,000 kwa mwezi, akaitia kitanda, viti na jiko, akawa akiikodisha kwa shilingi 2,500 kwa usiku. Akipata nyusiku 20 katika mwezi hupokea shilingi 50,000. Aondoe kodi 18,000, na ujira wa mwenye kusafisha na kufua mashuka 8,000, na umeme, maji, intaneti na sabuni 5,000, na ada ya wakala 1,500. Atabakiwa na shilingi 17,500 za kulisha watoto wake. Mwezi wa Aprili 2020 akapata nyusiku ngapi? Hakupata hata mmoja. Lakini kodi ilikuwa ile ile 18,000, na mfanya kazi alikuwa na watoto wale wale. Na kama mtu huyo alikuwa na nyumba tatu za namna hiyo, basi msiba wake ulikuwa mara tatu, kwani faida ikizidi kwa wingi wa nyumba, na hasara huzidi kwa hesabu hiyo hiyo.

Hapa ndipo yatupasa kutenga mambo mawili ambayo huzuni huyachanganya: mali iliyopotea, na tumaini lililokatika. Zile shilingi 50,000 za mwezi wa Aprili mtu huyu hakuwa nazo mkononi. Alizitumaini, na tumaini lake lilikuwa na msingi, kwani Februari alizipata. Lakini hakuna aliyezichukua. Usiku ambao haukupata mgeni ni mfano wa mvua isiyonyesha: mkulima hupata dhiki ya kweli, na watoto wake hulala na njaa ya kweli, lakini hana mtu wa kumshitaki kwa mvua hiyo.

Msomaji ataona labda ya kuwa haya ni maneno ya kuchezea ndimi, kwani njaa ni njaa, iwe imetoka kwenye mali iliyopotea au kwenye tumaini lililokatika. La, si hivyo. Tafauti yake hudhihiri katika matendo. Mtu akijiona kuwa ameibiwa, nafsi yake humwambia kuwa ana haki ya kufidiwa. Na akiwa hamjui mwizi, basi hujifidia kwa aliye karibu naye na aliye dhaifu kuliko yeye. Ndivyo ilivyokuwa. Mkodishaji aliyekosa wageni alizuia fedha za mgeni wa zamani. Akamfukuza mfanya kazi wake bila ya kumlipa siku alizokwisha kufanya kazi. Na mwenye nyumba aliyekosa kodi akang'oa mlango wa mpangaji mwenye watoto. Kila mmoja alisema, "Mimi ndiye niliyedhulumiwa." Naye kwa hakika alikuwa amepungukiwa, si amedhulumiwa. Kupungukiwa ni mtihani utokao kwa Mwenyezi Mungu, na dawa yake ni subira na hila ya halali. Kudhulumiwa ni kitendo cha mja, na dawa yake ni kudai. Anayetumia dawa ya kudai katika maradhi ya kupungukiwa, huyo huwa dhalimu naye adhani ni mdhulumiwa.

Tukishaijua tafauti hii, na tutazame watu watatu waliosimama kuizunguka nyumba tupu: mgeni, mfanya kazi, na mwenye nyumba.

Ama mgeni aliyelipa kabla, jambo lake ni jepesi kulijua ingawa ni zito kulitenda. Kukodisha, katika sheria yetu, ni kuuza manfaa. Mgeni hakununua kuta wala kitanda, alinunua kulala. Ikiwa alibadili nia kwa hiari yake, basi sharti walizoandikiana ndizo zitakazofuatwa. Lakini ikiwa njia imefungwa kwa watu wote, asiweze kufika hata kama angalitaka, basi manfaa hayakupatikana. Imam Ibn Qudama, aliyekufa mwaka 620 wa Hijra, yaani 1223, ameeleza ya kuwa ikitokea khofu ya watu wote inayozuia kukaa katika mahali ilipo nyumba iliyokodiwa, au mji ukazingirwa, mpangaji ana khiari ya kuuvunja mkataba. Na asili ya mlango huu ni Hadithi aliyoipokea Jabir, iliyo katika Sahihi ya Muslim, ambayo maana yake ni kwamba mwenye kumuuzia nduguye matunda, kisha yakapatwa na balaa, si halali yake kuichukua thamani yake, na Mtume (S.A.W.) akauliza kwa haki gani mtu atachukua mali ya nduguye. Swali hilo lamfaa kila mkodishaji aliyebaki na fedha za usiku ambao mgeni hakulala.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Shirika la Airbnb, ambalo wengi wa wakodishaji hawa walipata wageni kwa njia yake, lilikata shauri mwezi wa Machi 2020 kuwa waliokwisha kuweka nafasi kabla ya kupita tarehe 14 ya mwezi huo, kwa safari za siku zilizofuata, warejeshewe fedha zao zote, ingawa mikataba ya wenye nyumba ilisema vingine. Wakodishaji wakapiga kelele duniani pote. Tarehe 30 Machi mkubwa wa shirika, Brian Chesky, akawataka radhi kwa kuamua bila ya kushauriana nao, na shirika likatenga dola milioni 250 za kuwalipa robo ya kile ambacho wangalipata kwa sharti zao za kuvunja nafasi. Kumrejeshea mgeni ilikuwa ni haki. Lakini haki hiyo iliamuliwa na mmoja, na mzigo wake ukabebwa zaidi na wengine ambao hawakuulizwa. Nasi hufanya kama hivyo kila siku, tuwapo wepesi wa kuhurumia kwa mfuko wa mtu mwengine.

Ama mfanya kazi, yule mwenye kusafisha na kufua, haki yake ndiyo inayotangulia, kwani yeye hana mfuko wa pili. Siku alizofanya kazi ni deni, wala hakuna maradhi wala amri ya serikali inayolifuta. Na aliyeajiriwa kwa mwezi, akawa amejitoa kwa kazi hiyo na ameambiwa akae angoje wageni, huyo amestahiki ujira wake ingawa hapakuwa na shuka la kufua. Kwani mafakihi wamesema kuwa ajiri wa namna hii hustahiki kwa kujisalimisha kwake, si kwa wingi wa kazi anayopewa. Mkodishaji asiyeweza kuendelea naye yampasa amwambie mapema na kwa uwazi, ili naye akatafute penginepo. Si kumwambia "ngoja kidogo" wiki baada ya wiki, kisha siku ya kuagana amwambie kuwa hakufanya kazi yoyote. Kumngojesha mtu ni kuutumia wakati wake, na wakati wa maskini ndio rasilimali yake.

Sasa tumfikie mwenye nyumba, na hapa ndipo penye ugumu. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu wa Afrika ya Mashariki, udhuru wa mpangaji peke yake hauvunji mkataba wa kukodi. Nyumba ikianguka mkataba huvunjika kwa muda uliobaki, lakini nyumba ikisimama na ufunguo ukawa mkononi mwako, kodi yakulazimu. Wahanafi wamekubali mkataba uvunjwe kwa udhuru. Na katika ile Hadithi ya balaa, Imam Malik ameona kuwa balaa ikifika thuluthi ya matunda hupunguzwa thamani yake. Imam Ahmad akaona ni wajibu kupunguza, iwe kidogo au kingi. Na Imam Shafi, katika kauli yake ya mwisho, akaona ni jambo la kupendeza, si la kulazimisha. Kisha akaja Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 728 wa Hijra, yaani 1328, akalisogeza jambo hili karibu kabisa na swali letu. Inanukuliwa kwake kuwa mtu akikodi kitu ambacho faida yake yatokana na kuja kwa watu, kama vile hamamu au nyumba ya wasafiri, kisha watu wakapungua kwa ajili ya khofu au vita au kuhama, basi kodi yake hupunguzwa kwa kadiri ya manfaa yaliyopungua.

Nani asiyeona ya kuwa hii ndiyo nyumba yetu ya Ruiru? Wasafiri walikatika kwa khofu na kwa amri, si kwa uzembe wa aliyekodi. Basi kwa maoni yetu, kauli hii ndiyo iliyo karibu zaidi na uadilifu katika msiba wa watu wote. Ama katika hasara ya mtu mmoja, aliyekosa wageni kwa sababu jirani yake ana nyumba nzuri zaidi, kauli ya Mashafi ndiyo itakayofuatwa, kwani mwenye nyumba hakuwa mdhamini wa biashara yake.

Lakini kabla ya mkodishaji kufurahi kwa maneno haya, na ajiulize swali moja: je, mwenye nyumba alijua? Ibn Taymiyya asema juu ya nyumba iliyokodishwa kuwa ya wasafiri, na pande zote mbili zajua hivyo. Nao wengi katika ndugu zetu walikodi nyumba kwa jina la kuishi wao na watoto wao, kisha wakaigeuza ya wageni kwa siri, ili kodi isipandishwe. Huyu aliuziwa makazi, na makazi hayakupungua hata siku moja: kuta zilisimama, maji yalitoka, na yeye mwenyewe angaliweza kulala humo. Katika miezi ya neema faida aliila peke yake wala hakumwambia mwenye nyumba kuwa amepata 17,500. Basi kwa uso gani atamwendea mwezi wa dhiki amwambie, "Wageni wamekatika, tugawane hasara"? Aliyeficha faida hana haki ya kudai mshirika katika hasara. Aweza kuomba huruma, na kuomba si aibu. Lakini na ajue kuwa anaomba, hadai.

Ama yule aliyekodi kwa uwazi, akamwambia mwenye nyumba kazi atakayoifanya, huyo ana hoja. Nayo ni juu yake vile vile kuitumia hoja hiyo kwa wakati. Njia zilipofungwa Aprili hakuna aliyejua zitafunguliwa lini. Mwenye insafu angalikwenda kwa mwenye nyumba wiki ile ile, akamwambia, "Ama tupunguze kodi, ama nikurejeshee ufunguo wako." Lakini kuushika ufunguo miezi mitatu kwa kutumaini kuwa mambo yatafunguka kesho, kisha Julai useme hukupata manfaa, huko ni kucheza kamari kwa mali ya mwengine: pakifunguka ni faida yako, pasipofunguka ni hasara yake.

Hapa mwenye nyumba atasema, "Nanyi mwanitazama kama tajiri, nami nimejenga kwa mkopo, na benki haijui Korona." Neno lake ni la haki. Si kila mwenye nyumba katika Thika ni tajiri. Yuko mjane anayeishi kwa vyumba vinne alivyoachiwa na mumewe, na kodi hiyo ndiyo unga wake. Huyo hatumwambii asamehe, bali twamwambia mpangaji ajitahidi kumlipa hata kwa kuuza viti alivyovitia katika nyumba. Na yuko mwenye deni la benki. Huyo naye alikuwa na mlango wa kubisha, kwani tarehe 18 Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa wenye mikopo ambayo haikuwa na malimbikizo hapo tarehe 2 Machi waweza kuomba kuongezewa muda, na kwa mikopo ya watu binafsi ukafika mwaka mmoja. Hata Serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa na huduma kutoka 16 mpaka 14 kwa mia, tangu Aprili mpaka mwisho wa mwaka 2020. Hapakutungwa sheria ya kufuta kodi za nyumba. Jambo hilo liliachwa mikononi mwa watu na dhamiri zao.

Basi kanuni yetu katika haya yote ni moja: huruma uliyoipokea kutoka juu, ni haramu kuizuia isiteremke chini. Mwenye nyumba aliyeongezewa muda na benki, kisha akamkatalia mpangaji wake hata mwezi mmoja, ameigeuza rehema kuwa biashara. Mkodishaji aliyesamehewa nusu ya kodi, kisha akamnyima mfanya kazi ujira wake, amefanya vivyo hivyo. Msiba wa watu wote ni mfano wa mzigo mzito unaopita katika mikono mingi: kila mmoja akichukua sehemu yake kwa kadiri ya nguvu zake, mzigo hufika, kila mmoja akimsukumia aliye chini yake, humwangukia wa mwisho ukamvunja. Na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa, akatujulisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Kumpa muda ni amri, na kusamehe ni fadhila; asiyeweza fadhila asiache amri.

Tuna mfano katika viongozi wetu. Mwaka wa 18 wa Hijra, ulioitwa mwaka wa Ramada, bara Arabu iliingia katika ukame mkubwa. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliahirisha kukusanya zaka kwa watu waliopatwa mpaka mvua iliponyesha. Hakuifuta zaka, kwani ni haki. Wala hakuidai katika njaa, kwani hakuna cha kutoa. Aliihifadhi haki na akamhifadhi mtu. Ndivyo ipasavyo kodi ya miezi ile: iandikwe, ikubaliwe kiasi chake, ipunguzwe palipo na haki ya kupunguzwa, na kilichobaki kilipwe kidogo kidogo. Na suluhu ya watu wawili mbele ya mashahidi ni bora kuliko hoja mia za kwenye kahawa.

Zipo njia za kujiokoa ambazo ni maangamizo. Wapo walioshawishika kuifungua nyumba tupu kwa siri, baa zilipokuwa zimefungwa, ili watu wakusanyike humo walewe usiku kucha. Wakapata shilingi chache kwa kuhatarisha roho za majirani. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kulipizana madhara. Na wapo waliokimbilia mikopo ya simu yenye riba ili walipe kodi, wakalipa deni moja kwa kuzaa matatu. Kulipa haki kwa njia ya haramu si kulipa, ni kulihamisha deni kutoka kwa mja kwenda kwa Mola.

Na njia za halali zilikuwapo, ingawa zilikuwa nyembamba. Mwenye nyumba tatu angaliweza kurejesha mbili mapema akabaki na moja. Angaliweza kuikodisha kwa mwezi, kwa bei ya chini, kwa muuguzi wa hospitali ya Thika au mfanya kazi wa kiwanda ambaye amri ya usiku ilimfanya atake kulala karibu na kazi yake. Faida ya 17,500 ingaliondoka, lakini kodi ya 18,000 ingalilipika. Wengi waliikataa njia hii kwa sababu moja tu: waliona ni kushuka. Nasi twasema, kushuka ngazi kwa miguu yako ni bora kuliko kuanguka kutoka juu yake.

Na kwa siku zijazo, yatupasa mambo matatu. La kwanza, mkataba uandikwe kwa uwazi, useme nyumba ni ya kazi gani, na useme nini kitakuwa njia zikifungwa. La pili, katika kila mwezi wa neema itengwe kodi ya mwezi wa dhiki kabla ya kununua kitanda cha nyumba ya nne, kwani Nabii Yusuf (A.S.) hakuwaambia watu wa Misri wangojee njaa ndipo waweke akiba, bali aliwaamrisha kuweka katika miaka saba ya mavuno. La tatu, mtu asiweke riziki yake yote juu ya mlango mmoja ambao ufunguo wake uko mikononi mwa wasafiri.

Mwisho, twamgeukia ndugu yetu ambaye hasara yake haikuwa ya hesabu tu bali iliingia moyoni. Yule aliyekuwa akiitwa bwana na jirani zake, kisha akawa akijificha asionekane na mwenye duka. Usimsikilize anayekuambia kuwa Mwenyezi Mungu alikuadhibu kwa kukunyima wageni. Msiba huo uliwapata wema na waovu, na misikiti yenyewe ilifungwa katika miezi hiyo. Ulichonyimwa hakikuwa chako bado, na riziki yako haikuwa katika nyumba ile. Ilipita hapo tu. Lakini haki za watu zilizobaki kwako, hizo hazikupita. Zihesabu wewe mwenyewe kabla hujahesabiwa. Mgeni umrejeshee, mfanya kazi umlipe, na mwenye nyumba ukae naye msuluhike; na ikiwa huna, kiri deni lako kwa ulimi wako na uliandike, kwani kukiri ni nusu ya kulipa mbele ya mwenye insafu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalipie wenye madeni, awape upole wenye kudai, na azikunjue nyoyo zetu kabla ya mifuko yetu. Wabillahi tawfiq.